Miaka Tisa ya Kusemewa

Kisukuma nimejifunza kwa hasira, na sioni aibu kusema hivyo. Najua watu wanashauri lugha ujifunze kwa furaha. Kwenye simu yangu kulikuwa na kijana mmoja anayetabasamu kila asubuhi, anakuambia ujipe zawadi ndogo ukishajua maneno kumi mapya, ujipongeze mbele ya kioo, uifurahie safari. Nilimvumilia wiki mbili nikamfuta. Zawadi niliyokuwa naitaka mimi ilikuwa moja tu, na sikuwa na uwezo wa kujipa mwenyewe. Nilitaka kumsikia mama mkwe wangu bila mtu katikati.

Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, fundi cherehani, na kwa miaka tisa sasa naishi Bariadi. Mume wangu ni Msukuma wa Zagayu, anatengeneza pampu za visima. Tulikutana Dar, tukaoana, akanileta kwao. Mama yake anasema Kisukuma tu. Kiswahili chake ni "karibu", "asante" na "chai", na hilo la mwisho hulitumia hata akimaanisha uji. Mimi nilipofika sikuwa na Kisukuma hata cha kuombea maji. Kwa hiyo katikati yetu akakaa mume wangu, na kwa muda mrefu niliona ni jambo zuri, mtu mwenye mapenzi kwa pande zote mbili.

Tulikuwa tunakwenda Zagayu mara mbili kwa mwaka, Pasaka na mwezi wa saba. Napiga magoti, nasalimia salamu yangu ya kukariri, mama mkwe ananishika mikono yote miwili, tunakaa. Kisha anaanza kuzungumza. Si kuzungumza kwa kupitisha wakati, hapana. Anazungumza akiniangalia usoni, anaonyesha kidole kule shambani, anashika goti lake, anatikisa kichwa, ananyamaza kidogo, anaendelea. Siku moja alizungumza muda wa kumenya bakuli zima la karanga. Alipomaliza nikamgeukia mume wangu.

"Anasema karibu sana," akaniambia.

Bakuli zima, na ndani yake mmetoka maneno matatu. Siku ile nilicheka. Mwaka uliofuata sikucheka. Na mwaka wa saba wa ndoa yetu nikaona kwamba mume wangu sasa anainama, anaweka mdomo karibu na sikio la mama yake ndipo amwambie ninachosema. Masikio ya yule mama yalikuwa yanaondoka. Hapo ndipo hasira iliponianza, mwanzoni hasira ya hofu. Huyu mwanamke ananiambia kitu kila mwaka, sikijui, na muda si mrefu hata nikikijua sitaweza kumjibu.

Nikamwambia mume wangu nataka kujifunza. Akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Kisukuma cha nini, mama watoto? Mimi si nipo?"

Nilinunua daftari. Nikaenda sokoni na salamu zangu mpya. Sasa nani asiyejua kwamba Mzaramo na Msukuma ni watani? Utani ni mzuri msibani, ni mzuri ukitaka kupunguziwa bei, lakini kama unataka kujifunza lugha ni balaa. Nikisema "mwangaluka" kwa mama muuza nyanya, naye akiulizia kwetu ni wapi, basi biashara inasimama. "Njooni! Njooni mwone Mzaramo anaongea Kisukuma! Dunia imefika mwisho!" Wanakuja wa vitunguu, wanakuja wa dagaa, wananizunguka, wananiuliza kama ninauzwa na mimi, wanasema bei yangu ni mbuzi mmoja mgonjwa. Nami nawarudishia, maana utani ni lazima ujibu. Natoka pale na nyanya za nyongeza na sina neno jipya hata moja. Na yote hayo kwa Kiswahili! Nikiwauliza kitu kwa Kisukuma wananijibu kwa Kiswahili, kwa upole wa kukera, kama mtu anayemshika mkono mzee avuke barabara.

Waliosoma walikuwa wabaya zaidi. Mteja wangu mmoja, mtu wa ofisini, alinikuta na daftari akaniuliza kwa nini nisijifunze Kiingereza nipate maisha. Yeye mwenyewe ni Msukuma wa hapa hapa. Watoto wangu nao wakawa wananisahihisha kwa kicheko mezani, wao wanaojua maneno ishirini tu ya kuitana. Na mmoja pale sokoni alinichoma kabisa. Alisema, "Kwanza Kizaramo chenyewe unakijua?" Sikijui. Bibi yangu alikuwa anakisema, mama yangu alikuwa anakielewa, mimi nilibaki na salamu na matusi mawili. Nilirudi nyumbani nikiuma meno, maana mtu akikutania kwa kitu cha kweli huna pa kumshika.

Niliacha mara tatu. Mara ya kwanza niliandaa sentensi moja ndefu wiki nzima, nikamwambia mteja kutoka kijijini aliyekuja kupima gauni. Akaniangalia akasema, "Dada, sema tu Kiswahili, tutachelewa gari." Siku hiyo nilichukua daftari nikalikata vielelezo vya kola. Nilizitoa kurasa moja moja, nikapima, nikapitisha mkasi juu ya maneno yangu yote, na kwa miezi miwili nilishona mashati ya watu kwa vipande vya karatasi vilivyoandikwa namna ya kuomba maji na namna ya kuuliza hali ya mifugo. Kilichonirudisha si nidhamu. Kilichonirudisha ni Pasaka, bakuli la karanga, na mume wangu kusema, "Anasema mmependeza."

Mtu aliyenisaidia kweli alikuwa mama mmoja muuza michembe. Alikuja kuniomba kivuli cha baraza la duka langu awe anatandaza viazi vyake vikavu pale siku za soko. Nikamwambia akae, lakini anifundishe. Huyu hakunitania hata siku moja. Nadhani hakuwa na muda. Alisema sawa, ila kwenye baraza hili Kiswahili hakuna, ukinisemesha Kiswahili sikujibu. Nilidhani ni maneno tu. Siku moja wingu likaja ghafla, yeye amegeukia upande mwingine anamhudumia mtu, nikampigia kelele kutoka kwenye cherehani kwamba mvua hiyo, michembe yako inalowa. Hakugeuka. Nikarudia. Hakugeuka! Nikaanza kutafuta neno la kulowa, silipati, nikachanganya la mvua na la maji na la viazi, na nilipofika mahali panapoeleweka, nusu ya michembe ilikuwa imelowa chapa. Ndipo akageuka, akakusanya taratibu.

Nilimuuliza kama ana akili timamu. Akanijibu kwa Kisukuma, "Michembe itakauka. Wewe ukinizoesha Kiswahili hutajua kitu mpaka unakufa."

Nilimkasirikia siku nzima, lakini neno la kulowa sijalisahau. Nikaona kumbe hasira inashika maneno vizuri kuliko daftari. Kuanzia hapo nikawa naitumia. Asubuhi nikiamka sitaki, najikumbusha bakuli zima la karanga. Najikumbusha "mimi si nipo". Najikumbusha yule aliyeniuliza Kizaramo changu. Nikishapandwa vya kutosha nakwenda dukani, namkuta mwalimu wangu amekwisha kutandaza, tunaanza. Mwaka mzima na nusu. Mume wangu sikumwambia chochote. Alidhani nimeacha, naye hakuuliza tena, na kutouliza kwake kukawa sababu nyingine ya kuendelea.

Pasaka ya mwaka huu tukaenda Zagayu. Nikapiga magoti, nikasalimia kama kawaida, nikakaa. Mama mkwe akaanza. Alisema taratibu kwa sababu ya umri, na mimi kwa mara ya kwanza nilikuwa naelewa. Si kila neno, lakini nilikuwa naelewa. Moyo ulikuwa unanienda mbio kwa furaha, nakiri, furaha ya dakika moja hivi.

Alisema, "Muulize mwenzio, mwaka huu tena hakuja kupanda ngwe yake? Nimempandia mimi. Magoti yangu hayataki tena. Karanga ninazowapa kila mwaka ni zake, zinatoka kwenye ngwe yake, niliyomkatia siku alipoingia hapa. Lakini mkono wake haujawahi kugusa udongo wangu. Muulize, udongo wangu una nini?"

Mume wangu akanigeukia akatabasamu. "Mama anasema karanga mwaka huu zimekubali."

 Ngwe yangu. Nina ngwe. Nimekuwa na kipande changu cha shamba miaka yote hiyo, nimekatiwa kama wake wengine wa boma lile, na nilikuwa nadhani kiroba cha karanga tunachorudi nacho mwezi wa saba ni zawadi. Nilikuwa nampelekea mama yangu Kisarawe nikimwambia wakwe zangu wakarimu.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mwambie nimeziona, ni nzuri sana. Mwambie na mimi ningependa kuja kupanda."

Akamwinamia sikioni. Akamwambia, kwa Kisukuma kizuri, "Anasema mkono wake haujazoea jembe, mayu. Ni mtu wa cherehani. Msamehe."

"Haya," akasema mama mkwe. Akaiangalia mikono yangu, akaendelea kumenya karanga.

Mikono hii! Mimi nimelima muhogo Kisarawe tangu mpini wa jembe ukiwa mrefu kuliko mimi. Nimechimba mashimo ya mikorosho na marehemu baba yangu jua la saa saba. Nilishona kwa sababu nilitaka kushona, si kwa sababu nilishindwa kulima. Na huyu mwanamke miaka tisa anaambiwa ameletewa mkwe mwenye mikono ya karatasi, na miaka tisa amempandia, amempalilia, amemng'olea, amemfungia kwenye kiroba.

Ungetegemea nifungue mdomo pale pale. Na mimi nilitegemea hivyo. Nilikuwa na maneno, niliyalipia kwa mwaka mzima na nusu. Yalikimbia yote. Hasira iliyonifundisha ilinifunga mdomo siku yenyewe ya kazi, nikawa natafuta hata neno la "hapana" silioni, nikakaa nimeshika kikombe cha chai kama mgeni. Mpaka tunaondoka sikusema kitu. Hilo bado linaniuma.

Mume wangu nilimsema siku iliyofuata, tukiwa nyumbani Bariadi, anaosha pikipiki. Nilimrudia maneno ya mama yake moja baada ya moja, kwa Kisukuma. Aliacha kitambaa kwenye ndoo. Na unajua kitu cha kwanza alichosema? "Kwa hiyo ulikuwa unatupeleleza?"

Nilimwambia asiniudhi zaidi.

Akajieleza. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mimba kubwa, mama anataka nikapande na jua lile, akanionea huruma, akasema neno la kunitetea. Mwaka wa pili mama akauliza tena, akaona akibadilisha ataonekana mwongo. Mwaka wa tatu ikawa mazoea. Alitaka amani, alisema. "Hamkuwahi kugombana hata siku moja, wewe na mama. Umeona wapi?"

"Tungegombana vipi?" nikamwambia. "Wewe ndiye uliyekuwa unaongea na wewe mwenyewe."

Akasema atakwenda kumweleza mama ukweli. Nikamuuliza, kwa mdomo upi? Ule ule? Nikamkataza. Neno hili nitalipeleka mwenyewe.

Hapo nilifanya kosa langu, na ni langu peke yangu. Mwezi wa saba ulipofika nilisusa. Nilimwambia aende peke yake, nikabaki dukani nimenuna, nikijiona nimemwadhibu. Alirudi na kiroba cha karanga na habari kwamba mama sasa hasikii hata akiinamiwa, mpaka umpigie kelele. Nikakiangalia kile kiroba. Nilikuwa nimemwadhibu nani?

Nikaongeza kasi. Mwalimu wangu wa michembe nilimweleza kisa chote, akanisaidia kupanga sentensi nne. Sikujua kama nina ngwe. Hakuna aliyeniambia. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nimekuja kupanda. Nilizisema nikikata kitambaa, nikipiga pasi, nikienda chooni. Akanisikiliza siku moja mpaka mwisho, akasema, "Maneno yako sawa. Lakini unayasema kama mtu anayetaka kupigana."

"Ndivyo ninavyojisikia."

"Basi yeye hataona kingine," akasema, akaenda kuhesabu mafungu yake.

Mvua ya pili ya Novemba iliponyesha, nikafunga duka. Nikafunga jembe na doti ya kanga kwenye bodaboda, nikaenda Zagayu bila mume. Mama mkwe alikuwa uani, anachagua karanga za mbegu kwenye ungo. Shamba la jirani wanawake watano sita walikuwa wanapanda. Nikapiga magoti, "Mwangaluka, mayu." Akafurahi kuniona, akanishika mikono, kisha akanyoosha shingo kuangalia nyuma yangu.

"Yuko wapi?" akauliza.

Nikamwambia nimekuja peke yangu. Hakusikia. Akaendelea kuangalia njia. Nikasema kwa nguvu zaidi. Akatabasamu, akaonyesha sikio lake, akaonyesha tena njia, kwamba tumsubiri msemaji wetu. Hapo damu ikanipanda kichwani. Hata akiwa Bariadi, yule mwanaume bado alikuwa amekaa katikati yetu! Nikasimama. Nikapiga kelele sentensi zangu zote nne, kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa tangu nizaliwe, na kidole nimekinyoosha kule shambani. Sikujua! Hakuna aliyeniambia! Kwenye shamba la jirani mwanamke mmoja akaangua kicheko, "Mzaramo huyo!" halafu akasikia ninachosema, akanyamaza, na wenzake wakasimama na mbegu mikononi.

Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. Uso ulikuwa umembadilika.

"Mbona unanigombeza?" akasema. "Nimekukosea nini, mwanangu?"

Hakuwa amesikia hata neno moja. Alikuwa ameona uso wangu tu. Miaka miwili ya kuipalilia hasira, na ndiyo iliyofika, yenyewe peke yake, maneno yamebaki njiani.

 Nikakaa chini karibu naye, nikamvuta mkono naye akakaa, nikaweka mdomo kwenye sikio lake kama nilivyomwona mume wangu akifanya, jambo nililokuwa nalichukia kuliko yote. Nikasema neno moja moja. Machozi yalikuwa yananitoka, na neno nikiona halijaingia narudia. Ngwe. Sikujua. Nililima kwetu. Nimekuja. Alikuwa anatikisa kichwa kila neno likiingia. Ilichukua muda mrefu.

Kisha akajibu. Alijibu haraka, Kisukuma cha zamani, sikupata hata nusu. Kwa miaka tisa ningetikisa kichwa na kucheka kidogo. Nikamwambia, "Sijaelewa, mayu. Rudia."

Akarudia, taratibu, lakini kwa sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, shamba zima la jirani likisikia.

"Mwanangu namjua. Alipokuwa anachunga ndama alikuwa anakuja kuniambia wameshiba, na mimi nawasikia wanalia. Nilijua anatudanganya wote wawili. Nikasema, huyu binti ana mdomo, ana miguu, yuko hapo tu Bariadi, ipo siku atakuja kuniuliza mwenyewe. Nikakusubiri nikiwa na masikio. Mbona umekuja sasa?"

 Sentensi zangu nne zilikuwa zimekwisha, na hakuna hata moja iliyohusu swali hilo. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, nzima, haijapungua hata kidogo, ila niliangalia huku na huku kwenye ua ule nisione mtu wa kumpa zaidi yangu mwenyewe.